Mpira wa Gongo na Sala ya Wasichana Wanane

Enzi zetu mpira haukununuliwa, ulisokotwa. Wenzangu waliozaliwa katika kambi za mashamba ya mkonge upande wa Thika wataelewa bila maelezo. Walio wadogo kwetu wavumilie kidogo. Ulikwenda nyuma ya kiwanda, pale mabaki ya majani yalipomwagwa yakaoza hadi macho yakatoa machozi, ukaokota nyuzi zilizokatika, ukaziosha mtaroni, ukazianika juu ya ua, kisha ukaanza kusokota. Swali lilikuwa usokote kuzunguka nini. Mpira wa jiwe ulikwenda mbali lakini uliumiza. Mpira wa matambara haukuumiza lakini haukwenda popote. Nilijaribu aina saba kabla sijafikisha miaka kumi, nikathibitisha kwamba ulio bora kuliko yote ni ule wenye kipande cha gunzi la hindi katikati, uliolowekwa mara moja na kukaushwa siku mbili juani. Leo wajukuu wa dada yangu wana mpira wa ngozi uliotoka dukani ukiwa umejazwa upepo, nao huuacha nje unyeshewe. Nikiuliza, naambiwa haurukiruki vizuri.

Mchezo wetu ulikuwa kati. Wawili walisimama pande mbili, wa tatu akasimama katikati, na kazi ya wale wawili ilikuwa kumpiga aliye katikati kwa mpira. Hapo ndipo mkono wangu wa kulia ulipojulikana. Kufikia darasa la pili hakuna mtoto kambini aliyekubali kusimama kati ikiwa mimi ndiye mrushaji. Nikawa bingwa asiye na mtu wa kucheza naye. Niligeukia ndege. Mama alikuwa na kishamba cha wimbi kando ya mto, nami nilipewa kukilinda kwa madonge ya udongo. Nina hakika kwamba katika miaka ile ndege wa upande wetu walikula wimbi la majirani.

Mama alitoka Maragoli, mbali upande wa magharibi, akiwa bibi arusi, na hakuacha kuilinganisha nchi ya kwao na Thika, kila mara Thika ikishindwa. Mvua ya Thika haikuwa mvua, mrenda wa Thika haukuteleza. Alipoona ninavyorusha alisema, "Minayo, mkono huo ulipewa wa kusongea ugali." Alisema hivyo kila jioni, huku mimi nikisonga ugali kwa mkono huo huo. Baba alikuwa nyapara wa wakata majani, mtu wa maneno machache, mikono yake imejaa makovu ya miiba ya mkonge. Yeye alisema, "Mwache arushe. Akichoka atasoma." Baba aliamini kusoma kwa sababu moja ambayo hakuificha: katika shamba zima ni karani peke yake aliyefanya kazi kivulini.

Basi nikasoma. Shule ya shamba ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na mvua ikinyesha masomo yalisimama kwa sababu ya kelele. Tuliandika juu ya vibao, tukafuta kwa mate, na ulichokifuta hukukiona tena, kwa hiyo ilibidi ukiweke kichwani. Vijana wa leo wana madaftari manne kila somo na hawakumbuki lililo katika hata moja. Saa nne tulikunywa uji katika makopo yenye kutu kidogo mdomoni, na ladha ile ya kutu sijaipata tena popote. Ninaikosa, ingawa sidai kwamba ilikuwa nzuri.

Nikapanda darasa moja baada ya jingine, na katikati ya miaka ya hamsini nikaingia chuo cha misheni cha kuwafundisha wasichana ualimu, karibu na Ruiru. Kutoka mkonge nikaingia kahawa. Baada ya mvua za kwanza mashamba yote yalikuwa meupe kwa maua, na harufu yake iliingia madarasani hadi mwalimu wa hesabu akafunga madirisha. Mkuu wa chuo alikuwa Bibi wa Kiingereza aliyeendesha maisha yetu kwa kengele ya mkono. Tuliamka kwa kengele, tukasali kwa kengele, tukala githeri kwa kengele. Katika chuo kile sauti nyingine ya kuita watu haikuwapo, na jambo hilo lina umuhimu wake katika habari hii.

Mwaka wangu wa kwanza akaja mwalimu mpya kutoka Marekani, Bibi Dalton, msichana mrefu mwenye miaka isiyozidi ishirini na sita na Kiswahili cha kitabuni. Alituambia "Hamjambo wanafunzi wapenzi," tukacheka siku nzima. Sanduku lake moja lilikuwa na nguo. La pili lilikuwa na magongo manne ya mti laini, mipira mikubwa migumu, na glovu mbili za ngozi zilizonuka mafuta. Akatufundisha mchezo wa kwao. Mrushaji anarusha mpira kwa mkono wa chini, mpinzani anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kupitia vituo vitatu hadi arudi alipoanzia, ambapo huitwa nyumbani, na kila anayefika nyumbani amepata mkimbio mmoja. Akigusishwa mpira kabla hajafika kituoni, ametoka. Tuliuita mpira wa gongo.

Sikupata shida na mchezo. Shida niliipata na kitabu cha sheria, kilichokuwa cha Kiingereza, kurasa tisini. Nilikiazima, nikakisoma mara nne, kamusi ikiwa magotini, hadi nikazijua sheria kuliko Bibi Dalton mwenyewe, naye alikiri hivyo. Nilidhani kuzijua sheria ni faida.

Nilikuwa mrushaji. Mdakaji wangu, anayekaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira yote, alikuwa Wairimu, msichana mfupi mwenye mabega mapana kutoka upande wa Gitothua. Familia yake, kama za wenzangu karibu wote, ilihamishwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na kuwekwa katika kijiji cha safu safu kilichozungushiwa handaki na miti yenye ncha. Wairimu hakukizungumzia kijiji. Alizungumzia kila kitu kingine. Alikataa glovu kwa wiki tatu, akidaka kwa viganja vitupu.

"Rusha kama mtu amekula," aliniambia. "Ama huko kwenu mkonge ndio chakula?"

"Mikono yako imevimba."

"Mikono yangu imechimba handaki. Rusha, wewe."

Bibi Dalton aliipima mirusho yangu kwa macho kwa muda wa mihula miwili, kisha siku moja akaniita kwenye baraza ya darasa. Kulikuwa na chuo cha kanisa kule kwao, alisema, kilicho tayari kumpokea msichana mmoja kutoka kwetu, mmoja tu, asome miaka minne. Mjumbe wa chuo hicho angekuja Jumamosi ya mkutano wa wamishonari, atazame, achague. "Nimemwandikia juu ya mkono wako," alisema. "Ucheze vizuri, ujieleze vizuri. Nadhani ni wewe."

Nilimwandikia baba. Baba, ambaye hakuwahi kuomba ruhusa ya siku moja tangu aajiriwe, aliomba. Alikuja kwa baiskeli kutoka Thika akiwa amevaa koti lake la kanisani, akaketi kwenye nyasi nyuma ya viti vya wageni, kofia mapajani. Nilimwona tangu mwanzo. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka kuchaguliwa siku ile, na ningependa msomaji aelewe kwamba sikutaka Marekani hasa. Nilitaka baba apande baiskeli na kurudi akiwa na habari hiyo.

Tulicheza dhidi ya wake za wamishonari. Tusiwadharau. Walikuwa wanawake waliokulia katika mchezo ule, wakapiga mipira hadi katikati ya mibuni, na wakacheka kwa sauti tuliyokatazwa sisi kucheka nayo. Refa alikuwa mmishonari mmoja fundi wa magari, mtu mpole, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa kuchezesha kandanda ya shule za wavulana. Muda wote alitoa amri kwa mdomo, kama sheria zinavyotaka. Kengele ya Mkuu ilikuwa chini ya kiti chake, imenyamaza.

Tukafika zamu ya mwisho. Tuliongoza kwa mkimbio mmoja. Wageni walikuwa wamebakiza mchezaji mmoja wa kutolewa, na mke wa daktari wa misheni, mwanamke mnene mchangamfu, alikuwa kituo cha tatu, akisubiri kukimbia nyumbani kusawazisha. Nilirusha. Mpigaji akaugonga mpira ukaja kwangu ukidunda, nikaudaka. Mke wa daktari alikuwa tayari ameondoka kituoni. Wakati huo huo mbwa wa wageni akachomoka kutoka chini ya viti, akaingia uwanjani akibweka, na refa, kwa mazoea ya kandanda, akatoa filimbi mfukoni akaipuliza kwa nguvu na kwa muda mrefu.

Wasichana wanane wakachuchumaa.

Walichuchumaa wote kwa pamoja, pale pale walipokuwa, mikono juu ya vichwa, macho chini. Wairimu alikuwa wa kwanza. Na si wachezaji tu: nyuma ya mstari chuo kizima, wasichana zaidi ya hamsini, walishuka chini kama nyasi zilizokatwa. Vijijini kwao filimbi ilikuwa na maana moja. Askari wamekuja kusaka, na atakayeonekana amesimama hataulizwa kwa nini. Watoto wa miaka minne walijua. Mimi nilikulia katika kambi ya mkonge, ambako filimbi ilimaanisha kwamba kazi imeanza. Nikabaki nimesimama peke yangu, mpira mkononi.

Pakawa kimya. Hata mbwa alinyamaza, nadhani kwa kushangaa. Kisha mpigaji wa wageni akalaza gongo lake chini taratibu, akainamisha kichwa. Mwenzake akafanya vivyo hivyo. Wale kwenye viti wakasimama mmoja mmoja, na mjumbe kutoka Marekani, mzee mwembamba, akavua kofia akaishika kifuani. Wamishonari walikuwa wameelewa, kwa namna yao. Wasichana wa Kiafrika, katikati ya ushindani mkali, wameguswa, na wanasali.

Sasa nieleze nilichofanya, bila kujitetea. Katika kurasa tisini za sheria filimbi haikutajwa popote. Mchezo husimamishwa kwa neno la refa, na refa hakuwa ametamka neno. Alikuwa amefumba macho. Kwa hiyo mchezo ulikuwa unaendelea. Mke wa daktari alikuwa hatua nne kutoka kituoni, mikono imekunjwa, midomo ikicheza. Nilitembea hadi alipokuwa. Nikamgusa begani kwa mpira.

Alifumbua macho akanitazama kwa huruma kubwa sana.

"Umetoka, Mama," nikamwambia.

Mtu mmoja kwenye viti akasema "Amina," na wengine wakaitikia. Mkuu, ambaye nadhani peke yake kati ya Wazungu wote alikuwa ameelewa, akainama akachukua kengele yake akaigonga, na wasichana wakasimama wakipangusa sketi. Tulikuwa tumeshinda. Nina hakika na hilo hadi leo, kwa mujibu wa sheria. Hakuna aliyepiga makofi.

Wakati wa chai mjumbe alipita kati yetu na Bibi Dalton akitafsiri. Akasimama mbele ya Wairimu, akamwuliza ni nini kilichokuwa moyoni mwao walipoinama. Nilikuwa kando na kikombe changu. Wairimu aliyatazama majani ya chai yaliyozama, kisha akainua uso mtulivu kabisa.

"Tuliomba tusiwashinde kwa majivuno," alisema.

Mzee alitoa kitambaa akapangusa macho. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama kama mtu anayetazama jino lililong'olewa, akasogea mbele.

Baba alinisindikiza hadi penye baiskeli. Yeye pia alikuwa ameinuka kwenye nyasi filimbi ilipolia, akabaki amesimama peke yake nyuma ya wageni. Aliuliza, "Yule mama alikuwa ametoka kweli?" Nikamweleza sheria. Akasikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa. "Basi alikuwa ametoka," akasema, akaondoka.

Jumapili baada ya ibada Bibi Dalton aliniita tena. Hakuwa mjinga. "Minayo, nimeishi kanisani tangu nizaliwe," alisema, "na sijaona watu wakisali mikono ikiwa juu ya kichwa. Mjumbe anaondoka leo saa nane. Amemwandika Wairimu. Ukiniambia lililotokea, nitamwendea sasa hivi."

Nilihesabu haraka, kama nilivyozoea. Nikisema ukweli, mzee angejua kwamba hakuna aliyesali, kwa hiyo mimi sikumkatiza mtu sala, na labda jina langu lingerudi. Angejua pia kwamba Wairimu amemdanganya. Na habari ya kwamba wasichana wa chuo kile walijua kuchuchumaa vizuri namna ile ingefika kwenye ofisi ambazo zingetaka kujua walijifunza wapi, na ndugu zao wako wapi. Baba, kwa upande mwingine, alikuwa amekwisha kufika Thika.

"Walikuwa wakisali, Bibi," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nikicheza."

"Umecheza vizuri," akasema, na sikumwona akimtazama tena mjumbe yule wakati wa kuagana.

Wairimu aliondoka mwaka uliofuata, baada ya vyeti, mihuri, picha za uso wa mbele na wa upande, na barua tatu za misheni za kumthibitisha kuwa mtu wa sala. Nilimsindikiza kituo cha reli cha Ruiru. Alivaa viatu vipya vilivyomuuma na hakutaka kuketi.

"Ungesema tu," aliniambia. "Ningekuwa mimi, ningesema."

"Usingesema."

"Haki ningesema. Nafasi ni moja, wewe. Ningelia kidogo halafu niseme."

"Nilimgusa mama wa watu akisali. Wangenichukua kweli?"

Hapo akaanza kucheka, akacheka hadi akashika nguzo. "Atĩrĩrĩ, sikiliza, hata mimi nilikuona," akasema. "Nilikuwa nimeangalia chini, lakini nilikuona. Nikasema, huyu wa mkonge leo atauawa na mkono wake." Kisha akanishika mkono huo wa kulia, akaugeuza kama anayetafuta kitu kiganjani. Gari moshi likaja. Ilibidi aache.

Barua zake zilifika kila Krismasi. Kule alikokwenda walisikia kwamba ametoka katika timu mashuhuri, wakamwingiza katika timu ya chuo, naye akadaka kwa miaka minne. "Siku ya kwanza," aliandika, "nilimwendea refa kabla ya mchezo nikamwuliza kama ana filimbi. Alisema hapana. Nikamwomba ageuze mifuko." Alisoma uuguzi, akaolewa huko, akabaki.

Kuhusu mimi hakuna mengi. Nilicheza mihula miwili zaidi. Bibi Dalton alirudi kwao kumwuguza mama yake, na Mkuu akaturudishia ushonaji katika saa za michezo. Glovu zililiwa na panya. Magongo yalikaa stoo hadi mpishi alipoyagundua, na kwa taarifa ya wapenda historia, yalifaa sana kuponda irio. Nilihitimu, nikapangiwa kazi Thika, nikafundisha. Mengine ninayoyajua nimejisomea mwenyewe, jioni, kwa kamusi na ukaidi. Baba alistaafu bila kuketi kivulini siku moja, lakini aliwaambia watu wa kambi kwamba binti yake aliwahi kumtoa mke wa daktari. Hakuwaeleza alikuwa akifanya nini wakati huo.

Sasa nafundisha shule iliyo njia ya Ngoingwa, na ni mmoja wa wale walimu wa zamani wanaolalamika chumba cha chai. Tunasema watoto wa siku hizi hawana utii. Sisi tuliitwa mara moja tukaja. Wao huitwa mara tano na kuuliza kuna nini. Sisi tulisokota mpira kwa nyuzi, wao hawawezi kuifunga kamba ya kiatu bila kumwita mama. Nakubaliana na wenzangu karibu katika yote, na kuna siku natamani kuwa tena kule nyuma ya kiwanda na nyuzi zangu na gunzi langu, wala sijali harufu.

Wiki iliyopita mwalimu wetu mpya wa michezo, kijana mwenye bidii, alitoka uwanjani kuwaita watoto waingie darasani. Akapuliza filimbi. Akapuliza tena, mashavu yamejaa, mishipa ya shingo imemtoka. Watoto mia mbili na zaidi waliendelea kukimbizana. Wachache waligeuka kuona ni nani anayepiga kelele, kisha wakaendelea. Msichana mmoja mdogo alimpita karibu kabisa, akiruka kamba, hakupepesa jicho.

Akaja penye ukuta nilipokuwa nimesimama, ameloa jasho.

"Madam, hawa watoto hawaogopi filimbi kabisa," akasema. "Nifanye nini?"

Nikakubali kwamba ni tatizo kubwa la kizazi hiki, na nikamwomba asilitatue.